Simu za Fundi Baridi

3 Februari

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima, na goti la mama limetulia. Mwambie ile dawa ya kuchua niliyompa dereva wa basi ni ya kupaka jioni, asiipake asubuhi halafu akaenda kukaa juani. Mimi ni mzima. Chumba nilichopanga kina dirisha moja linalotazama ukuta wa kiwanda cha magodoro, na mwenye nyumba ana masharti kuliko hospitali, lakini maji yanatoka. Kaka hajanitafuta. Kama amewatafuta ninyi, mtaniambia.

Nakuandikia kwa sababu nikikupigia unaniuliza, "Una friji bovu?" Nikisema sina, unaniambia simu ni ya kazi, ya nyumbani yaandikwe, unakata. Basi nimeandika.

Jambo lenyewe ni hili. Mama ameniambia mwenye chumba cha karakana anataka kukichukua, kwa sababu anaona mlango uko wazi na hakuna anayeingia, na lile duka la mafriji mapya ng'ambo ya barabara linakitaka kiwe stoo. Wewe hukuniambia, lakini najua. Sasa, hapa kazini tunatengeneza matangazo ya simu. Friji la mtu likifa, anaandika kwenye simu yake "fundi friji karibu", tangazo linatokea, analibonyeza, na simu inaita kwa fundi moja kwa moja. Kila likibonyezwa mwenye tangazo anatozwa, awe amepata kazi au hakupata. Kampuni imetupa sisi wa mkataba wa muda nafasi ya kutangaza biashara moja ndogo kila mtu, gharama juu yao, ili waone nani anaijua kazi. Mwenye tangazo bora ataajiriwa. Nimepeleka karakana yako. Hulipi kitu, wewe pokea simu tu.

Usikatae kabla hujajaribu, baba. Na ukikataa, niandikie wewe mwenyewe, usimtume mama.

Binti yako

27 Februari

Binti,

Marahaba. Sisi tupo. Mama yako dawa anaipaka asubuhi na anakwenda kukaa juani, na anasema goti limepona, kwa hiyo usibishane naye. Kaka yako yuko anakokujua mwenyewe, na geji zangu za kupimia gesi ziko kwa huyo aliyemuuzia.

Hilo tangazo lako. Simu imeanza kuita Jumatatu asubuhi, hata chai sijamaliza. Wa kwanza aliuliza friji jipya la milango miwili nauzaje. Nikamwambia avuke barabara. Wa pili anatafuta kazi ya ufundi, ana cheti. Wa tatu ana friji bovu, nikafurahi, kumbe anataka nilinunue. Akapiga mwanamke anataka kukodi friji la vinywaji vya harusi. Nikamuuliza nani kamwambia mimi nakodisha, akasema, "Si mmeandika wenyewe, Fundi Baridi, mambo yote ya friji?" Nani kaandika hivyo? Mimi nafanya jambo moja, nafufua lililokufa. Halafu kuna mwingine yuko huko ambako hata basi linalala njiani, naye anataka nifike leo leo.

Nilikuwa na mlango mtupu na amani yangu. Sasa nina mlango mtupu na makelele. Kama hii ndiyo kazi mnayolipwa huko ghorofani, waajiri wenu wana moyo.

Mama yako amesema nikuandikie maneno mazuri. Haya ndiyo niliyoyapata.

Baba yako

14 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua yako ilichelewa kwa dereva wa basi kwa sababu alibadilishiwa njia, na ilipofika ilikuwa inanuka vitunguu. Nimefurahi goti la mama limepona, hata kama limepona kwa njia zake. Mimi nilipata mafua, yamepita.

Niliisoma nikacheka peke yangu, halafu nikaona aibu, maana makosa yote uliyoyataja ni ya kwangu. "Mambo yote ya friji" nimeyafuta. Sasa tangazo linasema: "Friji halipoozi? Linavuja? Linanguruma? Fundi anakuja nyumbani kwako. Mjini tu." Mtu akiandika "jipya", "bei", "kukodi", "kuuza" au "ajira", tangazo lako halimtokei kabisa. Hayo tunayaita maneno ya kuzuia. Halitokei nje ya mji wala Jumapili wala saa ambazo umefunga.

Nikuelezee jinsi inavyopimwa. Kila tangazo linapewa alama ya ubora. Maneno yake yakifanana na shida ya anayetafuta, na anayepiga akikaa kwenye simu, mashine inaona kwamba huyu amepata alichotaka, inalipandisha tangazo juu na kulitoza kidogo. Wapigaji wakikata haraka haraka, linashushwa. Kwa hiyo nakuomba usiwafokee.

Lile neno "linanguruma" nimelitoa kwako. Nilikuwa nakusikia ukimwambia kaka, "Sikiliza kwanza, linanguruma au linagonga?" Nilikuwa mlangoni na tochi. Msimamizi wangu ameniuliza nimeyajulia wapi maneno ya watu wenye mafriji mabovu. Nikaendelea kuandika.

Niambie kama wanakuja.

Binti yako

2 Mei

Binti,

Marahaba. Pole ya mafua. Mama yako anasema ule ndimu, mimi nasema ufunge dirisha. Nimechelewa kuandika kwa sababu siku hizi kazi yangu ni kuongea. Sauti imenikauka. Mama yako ananichemshia maji na kunisema kwamba tangu tuoane hajawahi kunisikia nikimaliza sentensi ndefu hivi.

Simu zinaita, na safari hii wanaopiga ni watu wenye shida kweli. Majuzi kapiga mwalimu mmoja, friji lake halipoozi. Nikamwambia achomoe umeme, alivute mbali na ukuta, atazame yale mabomba membamba ya nyuma. Yalikuwa yamevaa vumbi kama blanketi. Akachukua brashi, tukakaa wote kwenye simu mpaka akamaliza. Sasa linapooza. Mwingine mpira wa mlango ulikuwa umelegea, nikamwelekeza aukande kwa kitambaa cha maji ya moto, ukakaa. Watu wanadhani mafriji yao yamekufa, kumbe hayajafa, yamekosa wa kuyasikiliza tu. Sikujua kama naweza kumwona mtu friji lake kwa masikio.

Kitu kimoja sikielewi. Simu kutwa, benchi tupu. Wananishukuru, wananiombea maisha marefu, hawaji. Waliokuja ni wawili, wote gesi imeisha, na bila geji nimewarudisha. Mwenye chumba alipita jana akanikuta na simu sikioni. Akatazama benchi, akatazama ukuta, akaondoka bila hata kuaga. Hiyo alama yako inasemaje?

Tangazo ni zuri. Nimesema.

Baba yako

20 Mei

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Msalimie mama.

Alama inasema sisi ni wa kwanza. Wa mabomba ya maji, wa kufuli, wa kuhamisha vyombo, wote wako chini yako, kwa sababu hakuna tangazo ambalo wapigaji wake wanakaa kwenye simu kama wako. Mashine inajua kwamba mtu aliyeongea sana na fundi amempata fundi. Haijui kwamba amefundishwa, akatengeneza mwenyewe, akaenda zake. Ofisi nzima inasifia tangazo linalokulaza njaa. Ukitaka benchi lijae, mtu akipiga muulize anakaa wapi, mwambie "nakuja", kata.

Kuna jambo sikukuambia. Simu zile zinapita kwenye namba ya kampuni na zinarekodiwa. Anayepiga anaambiwa, wewe husikii. Mimi kazi yangu ni kuzisikiliza, nijue aliyepiga ni mteja kweli au amepotea, ndiyo nijue neno gani nizuie na lipi niache. Kwa hiyo nimekaa na hedifoni kichwani wiki hizi zote, nakusikiliza wewe. Sikujua kama una sauti ile. Unamwambia mtu, "Taratibu, mwanangu." Unamwambia, "Umekosea, si kitu, rudia."

Kuna mama alikuuliza kama mwanamke anaweza kufungua nyuma ya friji. Ukamwambia, "Ushindwe kwa nini? Mikono si unayo?" Akacheka, akasema watoto wako walibahatika kuwa na baba wa hivyo. Ukamjibu, "Ninao wawili. Mmoja nilimfundisha, akaniibia. Mwingine hakutaka."

Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena. Hakutaka! Baba, nilikuomba mbele ya mama. Nilikuomba mbele ya shangazi, nimevaa ovaroli ya kaka ambayo ilikuwa imemkaa ndogo, nimeikunja mikono mwenyewe. Ukasema gesi si mchezo wa mtoto wa kike, nishike tochi nimmulikie kaka yangu. Nikammulikia. Alikuwa anasinzia na mimi nimemmulikia, na kila ulichomwambia nilikishika mimi. Sasa umeufundisha mji mzima, watu ambao hata sura zao huzijui, na mimi nalipwa kuwasikiliza wakifundishwa. Imeniuma. Sikupambi maneno, imeniuma sana.

Binti yako

18 Juni

Binti,

Mama yako anakusalimu. Mvua imeng'oa bati moja la jikoni, nimelirudisha. Shangazi yako alikuja, akala, akalalamika chumvi, akaondoka na sufuria yetu.

Nimeulizia, naambiwa ni kweli simu zinaweza kusikilizwa. Nilikuwa sijui kwamba binti yangu ndiye anayelipwa kukaa nyuma ya mlango. Mtu anaongea na mteja wake, anasema neno la kupitishia muda wakati friji linajaribiwa, kumbe ukutani kuna sikio la nyumbani kwake. Ungeniambia mwanzo ningechunga mdomo.

Kuhusu hiyo "nakuja" na kukata. Mtu ana maziwa ya mtoto yanaharibika ndani, mimi najua ni waya uliochomoka nyuma, nimwambie asubiri kesho nije nimtoze? Wewe ungeweza? Labda, umekaa huko siku nyingi. Mimi nikilijua jibu linanitoka. Na kama mashine yenu inaniona bora kwa hilo, basi ina akili kumzidi mwenye chumba.

Huyo amenipa mpaka mwisho wa Septemba. Nilidhani simu zikiendelea huenda nikapata wachache wa kuleta friji lenyewe hapa karakana, nikanunua geji za mkono wa pili, nikamziba mdomo. Tutaona. Lakini usinifundishe tena namna ya kuongea na wateja wangu.

Hayo mengine uliyoandika nimeyasoma.

Baba yako

9 Agosti

Baba,

Shikamoo. Mpe mama pole ya bati na ya sufuria.

Simu yako itakuwa imenyamaza tangu wiki iliyopita, na najua umeulaumu mtandao. Usiulaumu. Tangazo limefungwa na halitafunguliwa tena, maana karakana yako imewekwa kwenye kundi la wadanganyifu. Hukudanganya wewe. Ni mimi.

Pale kazini kuna katazo moja ambalo kila anayeingia analitia saini siku ya kwanza: mfanyakazi habonyezi tangazo lake mwenyewe. Ukibonyeza, unakula pesa ya matangazo kwa mteja ambaye hayupo, na unaidanganya mashine kwamba tangazo linapendwa. Alama yote inakuwa ya uongo, hata ile uliyoipata kwa haki. Kwa hilo hakuna onyo. Mimi ndiye niliyekuwa nawaelezea wageni katazo hilo, na nilikuwa mkali.

Nilibonyeza mara moja. Huku halitokei, lakini sisi wa ofisini tuna njia ya kulifungua popote tulipo ili tulikague. Nilitumia simu yangu hii hii, wala sikuificha namba. Kwako inatokea namba ya kampuni, ndiyo maana hukujua. Nikabadilisha sauti kidogo, nikasema nina friji linalogonga. Sikudanganya kwa hilo, ni la mwenye nyumba, liko koridoni na linagonga mpaka ukuta unajibu. Ukaniambia nichomoe umeme. Ukaniambia nifungue kifuniko cha nyuma, nitafute kompresa, ule mtungi mweusi wa chini unaosukuma gesi, niitikise. Zile skrubu za miguu zilikuwa zimelegea, nikazikaza kwa bisibisi ya mpangaji mwenzangu. Ukaniambia nirudishe umeme, niweke kiganja juu ya kompresa, nisikie. Ukauliza, "Inatetemeka sawasawa au inaruka?" Nikasema sawasawa. Ukasema, "Ndiyo, mwanangu, ndiyo hivyo."

Msimamizi alipoikuta namba yangu kwenye rekodi aliniita akaniuliza, nilikuwa napandisha alama kwa faida ya nani? Ningemwambia fundi yule ni baba yangu, na nilitaka kufundishwa friji, angenicheka au angenionea huruma, na vyote viwili sikuvitaka. Nikachukua kikombe changu na sweta, nikashuka ngazi. Ajira imekwenda, na ile miezi uliyokuwa unaitegemea nimekunyang'anya. Huenda wangekuja hao wachache wa kuleta friji lenyewe. Hatutajua.

Nimeumia kwa ajili ya karakana kuliko kwa ajili ya kazi. Lakini sitakudanganya kwamba najuta kupiga. Nikikaa nafikiria, najuta kwamba ilikuwa mara moja.

Binti yako

30 Septemba

Binti,

Marahaba ya zamani na ya leo. Mama yako goti limerudi kuuma, alisisitiza kubeba vyombo. Anakuuliza unakula nini huko bila kazi. Jibu hilo kwake, ananisumbua.

Leo nimekabidhi funguo. Wale wa ng'ambo walikuwa wameshapanga makasha yao barabarani, wananingoja nitoke kama wanangoja choo. Benchi amelichukua mwenye bucha, atakatia nyama juu yake. Nilisimama pale kidogo nikaona ni ujinga, nikarudi nyumbani. Nina hasira na wewe. Nataka ulijue hilo, usije ukadhani uzee umenilainisha. Ilikuwa karakana yangu, na umeizima kwa kidole.

Simu haiiti. Nikiishika mama yako ananitazama. Jana nilimweleza yeye habari za mpira wa mlango wa friji toka mwanzo mpaka mwisho, akanisikiliza, halafu akaniambia hatuna friji.

Sasa hilo ulilosema kwamba sikujua. Nilijua. Hujafika hata kwenye friji, ulivuta pumzi tu, nikajua. Unavuta pumzi hivyo tangu mdogo ukitaka kuniomba kitu. Hiyo sauti uliyoibadilisha ungemdanganya labda kaka yako. Utakumbuka nilikaa kimya kidogo pale mwanzo, ukasema, "Haloo, haloo." Nilikuwa nakusikia. Nilikuwa nafikiria nikikutaja itabidi tuyaongee mambo mengine, na hayo mimi mdomo wake sina. Kwa hiyo nikakuambia chomoa umeme.

Unashika haraka. Kaka yako kompresa ilimsumbua mwaka mzima, na wewe uliisikia kwa kiganja mara ya kwanza. Ulipokata nilibaki na simu mkononi. Mama yako akaniuliza ni nani huyo, nikamwambia ni mteja.

Usijilaumu kwa kutosema jina. Ungesema ni wewe, ningekata.

Baba yako